Chupa Mbili Zinazofanana

Mtaani mume walimwita Fundi Makochi, na mkewe wakamwita Kicheko. Ukipotea njia ukienda kwao, ulisimama tu ukatega sikio. Mama yule alicheka mpaka watu wa ng'ambo ya barabara nao wakaanza kucheka, bila kujua wanachekea nini.

Kisukari kilimwingia miaka michache baada ya kumzaa binti yao wa pekee, kikaweka makazi. Kwenye mlango wa friji hazikukosekana chupa mbili za insulini. Moja ilikuwa angavu kama maji. Hiyo ilikuwa ya haraka, ya kujidunga kabla ya kula. Ya pili ilikuwa na ukungu, na ilibidi kuiviringisha taratibu viganjani kabla ya kuivuta. Hiyo ilikwenda mwendo wa kobe. Wenyewe waliziita Maji na Maziwa.

Fundi hakujua mengi ya dawa, ila mkewe alimjua. Sukari iliposhuka, kicheko ndicho kilichokata kwanza. Kisha likaja jasho, mikono ikatetemeka, ukazuka ugomvi usio na kichwa wala miguu. Siku moja alimfokea mumewe mbele ya mteja kwamba amemwibia kandambili. Fundi hakubishana. Alimfungulia soda yenye sukari, akamnywesha, akangoja naye robo saa, akampima tena. Ilipopanda, Kicheko alitazama miguuni, akaziona kandambili amezivaa. Walicheka wote watatu mpaka mteja akaikalia gundi mbichi.

Halafu kliniki wakambadilishia dawa.

"Maziwa hayapo tena," alimwambia mumewe karakanani. "Wamenipa nyingine ya kutwa nzima, ya kudunga kila asubuhi. Nayo ni angavu vilevile."

Fundi alikuwa anawamba kitambaa, misumari mdomoni. Alipoitema akauliza, "Zote maji?"

"Zote. Usihofu, mimi nazijua. Wewe hangaika na makochi yako."

Na kweli alizijua. Alijidunga mwenyewe kila siku, mambo yakaenda vizuri, mpaka homa ilipomlaza kitandani.

Asubuhi ile alimwita mumewe kwa sauti ndogo. "Nidunge wewe, baba. Mikono haina nguvu."

Fundi alinawa, akafungua friji. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mteja wa kochi la harusi, naye alilalama kama mtu aliyefiwa. Fundi akaibana simu begani, akajibu ndiyo, ndiyo, leo hii linafika, huku akichukua chupa.

"Umechukua ya asubuhi?" Kicheko aliuliza.

"Ya asubuhi, mama."

Alivuta dozi kubwa, ile ya dawa ya kutwa nzima. Lakini chupa aliyoishika ilikuwa ya haraka.

Kicheko alikunywa uji vijiko viwili, akasema ataumalizia akiamka. Fundi alimfunika shuka, akasogeza kikombe karibu na mkono wake, akaondoka akinyata asimsumbue.

Aliporudi mchana, kikombe kilikuwa palepale na uji umeganda utando. Shuka lilikuwa limelowa chapachapa. Alimwita jina lake la usichana, ambalo hakuwa amelitumia tangu wachumbiane. Hakuitika. Akakoroga sukari kwenye maji, akamwinua kichwa ili amnyweshe. Hapo akaingia jirani, dada wa duka la dawa, aliyesikia kelele.

"Usimtie kitu mdomoni! Hajitambui, kitampalia! Mlaze ubavu, tafuta gari!"

Hospitali walimtundikia dripu ya glukosi na sukari ikapanda. Kicheko hakuamka. Daktari alieleza kwa upole kwamba ubongo nao hula sukari, na ule wa mama ulikuwa umekaa na njaa muda mrefu. Kisha akauliza alidungwa dawa ipi. Fundi akaitoa mfukoni chupa aliyoitumia asubuhi, na kabla daktari hajasema neno, akaisoma lebo mwenyewe: ya haraka.

Binti alifika kutoka mji wa mbali na mkoba begani. "Baba, hukusoma chupa?"

Fundi alimpokea mkoba.

Mwishowe Kicheko aliamka. Alikula, alitembea kwa kushikwa mkono, aliitikia salamu. Siku nyingine alimjua binti, siku nyingine akamdhani dada yake. Mumewe hakumjua kabisa. Binti akamchukua akaishi naye, na mlangoni akasema, "Si kwamba nakuchukia, Baba. Naogopa tu kukuachia." Majirani walipokuja kumliwaza Fundi, aliwajibu, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole." Wakarudi makwao.

Kila mwisho wa juma Fundi alipanda basi kwenda kumwona. Siku moja alimkuta amekaa dirishani, nywele amesukwa vizuri.

"Karibu," Kicheko alisema. "Umekuja kwa binti?"

"Nimekuja kukusalimia wewe."

"Ahsante. Mimi sikai sana hapa. Mume wangu anakuja kunichukua. Ni fundi makochi, ana kazi nyingi huyo."

"Ni mtu mwema?" Fundi akauliza.

"Mwema sana." Akafikiri kidogo. "Ila amekawia."

"Atakuja, mama."

Binti alitoka jikoni na sahani ya chakula, akasimama. Kisha akaweka sahani mezani, akaenda kwenye friji, akarudi na chupa moja ya insulini na kipimo cha sukari. Aliisoma chupa kwa sauti, neno kwa neno. Akampa baba yake naye aisome. Fundi akavaa miwani, akaisoma yote, hata tarehe ya kuharibika.

"Mpime basi kabla hajala," binti alisema.

Fundi akapiga goti mbele ya kiti. Kicheko hakuuliza huyu mgeni anataka nini. Alimnyooshea kidole cha kupimwa damu, akageuka kuendelea kutazama barabarani.