Chumba Ambacho Baba Hakuingia

Nilipojenga nyumba yangu hapa mjini Tarime, nilimjengea na baba chumba. Kiko mwisho wa korido, upande wa jua la asubuhi, na kina choo chake ndani ili mzee asihangaike kuchuchumaa. Vigae nilivivusha mpakani Sirari kutoka ng'ambo, kwa sababu fundi alidai vya huku vinateleza. Mlango ni wa mninga. Rangi ya kuta ni bluu iliyopauka, ile anayoipenda baba. Kwa miaka minne wageni wangu walikiona chumba hicho kabla hawajaonyeshwa pa kukaa. "Na hiki ni cha mzee," nilikuwa nasema, kwa sauti ya chini kidogo, ili unyenyekevu wangu usikike vizuri.

Baba mwenyewe hakuwahi kukiona. Kwetu Wakurya, baba haingii katika nyumba ambamo mwanawe aliyeoa analala na mkewe. Atakuja uani, atapewa kiti, atakula, atacheka na wajukuu mpaka jioni, lakini kizingiti havuki. Ni heshima kati yake na mkamwana wake, na kati yake na mimi. Mtu mwenye shahada mbili angelikumbuka hilo kabla ya kuchora ramani ya nyumba. Mimi nililikumbuka, ila nikaamua kwamba mwiko huo ulikufa pamoja na nyumba za nyasi. Mjini hapa nawajua wazee wanaolala kwa watoto wao na hakuna aliyepasuka. Tena baba amebatizwa, na kila asubuhi husoma Maandiko kwa miwani iliyofungwa uzi. Nilidhani siku ikifika, vigae vitamshawishi.

Siku ilifika mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea. Baba alijikata mguu kwa jembe kule kwake Genkuru, na kwa kuwa ana sukari, jeraha la kidole likageuka kidonda cha nusu ya unyayo. Daktari wa hapa mjini alisema kisafishwe kila siku kwa wiki sita, kikae kikavu, na mzee asitembee. Kisha akanivuta pembeni. "Kikilowa na kuanza kuoza tena," akasema, "tutazungumza habari ya kukata."

Nikamleta nyumbani kwa teksi. Nilimshika mkono mpaka kwenye ngazi tatu za baraza, na hapo akasimama kama ng'ombe aliyefika kwenye daraja asilolijua.

"Kuku wako wako wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimewahi kufuga kuku mia tatu wa mayai kwenye banda la uani, mradi niliousoma kwenye kijitabu. Ugonjwa wa mdondo uliwamaliza kwa wiki moja.

"Walikufa, tata," nikasema. Tata kwetu ni baba.

"Wote?"

"Wote."

"Basi kuna nafasi."

Nikageuka kumtazama mke wangu, nikitegemea msaada. Hakuwepo. Alikuwa bandani tayari, anafagia.

Banda lile lilikuwa na ukuta wa matofali hadi kiunoni, na kutoka hapo kwenda juu ni wavu mtupu chini ya bati. Mlango ulikuwa wavu pia. Tukaweka kitanda, godoro, ndoo na kiti. Nikamwambia mke wangu kwamba hii ni aibu, watu watasema nini. Akanijibu, naye ni Mkurya kama mimi, "Watasema ulijenga nyumba kama mtu asiye na baba."

Lazima niseme hapa kwamba kila Jumapili baada ya ibada mimi hufundisha darasa la wanaume kanisani. Ni masomo kumi na mawili, nimeyaandika mwenyewe, juu ya namna mvulana anavyokomaa na kuwa mwanaume kwa Maandiko. Nimewahi kualikwa hadi Mugumu, kule Serengeti, nikawafundisha wanaume wazima kwa siku mbili jinsi ya kuongoza nyumba. Walinipigia makofi. Sasa nikarudi kwenye uwanja wangu mwenyewe. Kila asubuhi nilikwenda bandani nikiwa na gozi, bandeji na maji ya chumvi mkononi, Biblia kwapani, na hoja moja mpya.

"Tata, Maandiko yanasema mheshimu baba yako."

"Vizuri. Niheshimu."

"Nitakuheshimuje ukiwa kwenye banda la kuku?"

"Polepole. Hapo panauma."

Kesho yake nikaja na hoja kwamba aliye katika imani ni kiumbe kipya, mambo ya kale yamepita. Akafikiri kidogo, mguu wake ukiwa mapajani kwangu.

"Yamepita, sawa. Lakini mkeo bado ni mkeo. Na mimi nimepita kuwa nani? Rafiki yako?"

Siku ya tatu nikamleta mchungaji. Ni kijana kutoka Njombe, mpole, hajamaliza mwaka kwetu. Alimwamkia baba shikamoo mara mbili, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaeleza kwa utaratibu kwamba mila ni nzuri ila mwili ni hekalu. Baba alimsikiliza hadi mwisho.

"Mchungaji, mama mkwe wako akija kwako, unamlaza wapi?"

"Hajawahi kuja, mzee."

"Akija?"

Mchungaji akanitazama. Nikatazama bati. "Tuombe," akasema, na akaomba kwa muda mrefu, hasa kwa ajili ya lile paa, lisivuje.

Kilichonikera si kwamba baba alikuwa hajui Maandiko. Kilichonikera ni kwamba anayajua. Asubuhi moja aliniambia kwamba mtume aliyesema chakula chochote ni halali ndiye huyo huyo aliyesema afadhali asile nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza mwenzake. "Wewe una uhuru wa kuniingiza," akasema. "Sikatai. Mimi ndiye ninayekwazika. Sasa nani ale, nani aache?" Nikafunga bandeji. Hilo lilikuwa somo la saba katika masomo yangu. Nalifundisha kila mwaka, kwa ukali sana, dhidi ya pombe. Mimi sinywi, kwa hiyo halijawahi kunigharimu chochote.

Wiki ya pili, saa tisa alasiri, mvua ya upepo ilishuka ikiwa na mawe ndani yake. Nilikuwa mjini natoa nakala za somo la tatu, "Mwanaume na Nyumba Yake." Mke wangu alikuwa shuleni anafundisha. Nilipofika nyumbani, mvua ilikuwa imeshaingia bandani kwa ubavu, kupitia kwenye wavu. Godoro lilikuwa limelowa upande mmoja. Baba alikuwa amekaa juu ya kiti, mguu ameuingiza kwenye mfuko wa mbolea, ameuinua kwa mikono miwili kama anayemvusha mtoto mtoni. Nikautoa mguu kwenye mfuko. Bandeji ilikuwa imelowa chapachapa.

Sijivunii nilichofanya baadaye. Nilipiga kelele. Nilimwambia kwamba ana kiburi, kwamba kuna chumba kikavu hatua ishirini kutoka hapo, kwamba kama anataka mguu ukatwe aseme niukate mwenyewe nipumzike. Majirani walisikia. Watoto waliokuwa wamejikinga mvua kwenye kibaraza cha jirani waliacha hata kucheza.

Baba alingoja.

"Mura," akasema, "umemaliza?"

Mura kwetu ni kijana, mwanaume aliyeingia ujanani juzi. Nina miaka arobaini na tisa.

"Sijamaliza," nikasema.

"Basi maliza, halafu uniitie gari. Nirudi kwangu."

Kwake Genkuru hakuna wa kumsafisha kidonda. Yuko peke yake tangu mama afariki, na zahanati iko mbali kwa mtu mwenye mguu mmoja mzima. Nilijua, na yeye alijua, kwamba akiondoka, mguu umeondoka.

Niliingia ndani kumtafutia taulo kavu, nikaishia chumbani kwake. Nilikuwa nimelowa, nachuruzika juu ya vigae vya ng'ambo. Humo ndani mvua ilisikika kama inanyesha wilaya nyingine. Harufu ya rangi ilikuwa bado ipo, kwa maana hakuna aliyewahi kulala humo. Ningependa kuandika kwamba aya fulani ilinijia. Haikunijia. Nilikuwa na hasira tu, nikaubamiza ule mlango wa mninga kwa kiganja, ukajifunga na kufunguka tena polepole bila kulia, kama mlango mzuri unavyofanya. Nikautazama. Bawaba tatu. Skrubu kumi na mbili.

Nikatoka na taulo.

"Tata, nipe kesho moja."

"Ya nini?"

"Kuna ujenzi."

Akasema atangoja aone upumbavu wangu unaishia wapi. Tukasogeza kitanda kwenye pembe kavu, nikafunga turubai kwenye wavu, nikasafisha kidonda upya. Sikuja na hoja siku hiyo.

Fundi alikuja asubuhi, yule yule aliyejenga nyumba. Nikamwonyesha. Akakuna kichwa.

"Bosi, unabomoa kipya unapeleka kwa kuku?"

"Kwa baba."

"Ndiyo. Kwa kuku."

Tulitoa mlango na fremu yake. Tulitoa madirisha mawili pamoja na vioo. Tulishusha mbao za dari. Vigae havikukubali, vilivunjika karibu vyote, na nilisikia kila kimoja mwilini. Banda likapandishwa tofali hadi juu, likapigwa plasta, likamwagwa sakafu ya saruji. Kesho moja ikawa siku nne. Katika siku hizo baba alihamishia kiti chake penye kivuli akawa msimamizi. Alisema tofali limepinda. Lilikuwa limepinda.

Jumapili nilituma ujumbe kwamba naumwa, darasa lisome lenyewe. Mchana, mmoja wa wanafunzi wangu, mtu wa Shinyanga anayechimba dhahabu upande wa Kewanja, akaja na kilo ya sukari kunijulia hali. Akanikuta kwenye udongo hadi magotini.

"Mwalimu, tumeambiwa unaumwa."

"Naumwa."

Akautazama ule mlango wa mninga umeegeshwa kwenye banda la kuku, akamtazama baba. Aliweka sukari dirishani, akavua viatu, akachukua koleo. Alichanganya zege vizuri kuliko mimi, na hakutaja somo lolote.

Sasa ni wiki ya tano. Baba analala kwenye nyumba yake, yenye dari na vioo, na mlango ambao anasema ni mzito mno kwa mtu asiye na kitu cha kuibiwa. Kidonda kina nyama nyekundu pembeni. Daktari halizungumzii tena neno lile la kukata, ingawa hajalifuta. Anasema tuendelee, tuone. Nyumba yangu ndiyo yenye shimo. Mwisho wa korido kuna chumba kisicho na mlango wala dirisha, kimezibwa kwa turubai, na mvua ikija kwa upepo mke wangu anaweka beseni. Wageni siwapeleki huko.

Juzi nilikuwa namfunga bandeji, amelala chali anatazama dari yake.

"Hicho chumba," akasema, "ndani ulikipaka rangi gani?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo miaka minne.

"Bluu, tata. Ile unayoipenda."

Akajaribu kukumbuka kwa bidii, kama mtu anayetaka kunisaidia.

"Bluu?" akasema. "Mimi? Labda mama yako." Halafu akausogeza mguu mapajani kwangu, ukae vizuri. "Legeza hapo, mura. Umekaza mno."

Nikalegeza.