Chozi Wawili wa Mishubiri

Ninyi mliochota maji kabla ya kwenda shule mtanielewa. Kwetu, karibu na Voi, mimi na mdogo wangu Mghoi tuliamkia uani, miguu mitupu, vumbi bado lina baridi, tukaitazama mishubiri ya uzio. Ilipochanua, chozi walikuja kunyonya maua: vindege vyeusi vya mdomo uliopinda, kifua chekundu kama pilipili mbivu. Sheria yetu ilikuwa hivi: wa kwanza kumwona chozi anapumzika, mwenzake anabeba mitungi yote miwili kutoka kisimani. Ila mwenzake akimwona chozi wa aina nyingine, kila mtu anabeba wake.

Mimi nilikuwa mkubwa na mwepesi wa kuamka, basi karibu kila siku nilishinda. Siku moja Mghoi alichuchumaa kando ya uzio, halafu akasema, "Dada, yule ni mwingine. Wako ana koo la kijani. Huyu koo lake jeusi, na juu ya mkia anang'aa zambarau." Nilimcheka. Nikamwambia ni mwongo, kifua chekundu ni kifua chekundu, ni yuleyule amezunguka uzio. Tukapelekana kwa mama, aliyekuwa anakoroga uji, na mama hakuwa na muda wa ndege. "Mkubwa wako ameshasema. Chukueni mitungi, jua hilo." Basi kiangazi kizima Mghoi alibeba miwili, mtoto wa miaka minane, nami nikimfuata nyuma nikitafuna kiazi. Hakulia. Nikadhani amekubali.

Juzi, hapa ughaibuni, Tottenham, binti yangu Neema alikuwa na kazi ya shule: kulinganisha vindege wawili wa Amerika wanaofanana, wale wanaonyonya maua huku wakielea hewani. Watoto wa siku hizi, jamani. Maji wanayaacha yamwagike bombani mpaka yapate moto, na lifti ikiharibika, ghorofa tatu tu, utadhani wamepanda Kilimanjaro. Lakini siku hiyo alinifundisha. Kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia lakini hakizungumzi, aliniambia, "Mama, usitazame kifua. Tazama koo."

Nikaichukua simu yake, nikatafuta chozi wa kwetu. Wakatokea wawili, bega kwa bega. Mmoja koo la kijani. Mwingine koo jeusi, zambarau juu ya mkia. Nilikaa kitandani na sare yangu ya kazi, nikaona aibu kweli, mtu mzima mimi.

Nikampigia Mghoi. "Walikuwa wawili," nikamwambia. "Nisamehe."

Akanijibu, "Mimi nilijua tangu siku ile. Shingo iliniuma kwa ile mitungi, Dada, lakini kuitwa mwongo kuliniuma zaidi."

Sasa ana bomba uani, na mishubiri bado ipo. Nikamwuliza kama chozi wanakuja. "Wanakuja, nawasikia. Macho yangu yameingia ukungu, koo silioni tena."

Enzi zile tulikuwa na macho mazima, na yaliyokuwa bora ni ya Mghoi, nami sikuyaamini. Leo picha ninazo kiganjani, na yeye haoni. Nikamwambia nitakuja Desemba, nikae naye asubuhi pale uani, nimtazamie.

"Njoo," akasema. "Lakini uniambie ulichokiona kweli."