Karani wa Pasi na Pwani ya Amalfi

Vidole vya karani wa pasi za kusafiria havikutoka wino. Kila alasiri, mwisho huo wa mwaka sabini, aliitandaza ramani ya Italia juu ya mkeka, nyumbani kwao Muscat, akakohoa kidogo, kisha akamsomea mkewe Mahbuba majina ya hoteli kutoka Napoli mpaka Amalfi, kwa sauti ileile ya kuwaita watu dirishani ofisini.

"Safari yote hiyo kwa siku tatu tu, bwana?" Mahbuba akauliza.

Kidole kikasimama juu ya bahari. "Fungate yetu ya siku saba Unguja ilikatika siku ya nne, Mapinduzi yalipoingia," akasema taratibu. "Nnakutimizia tatu zilobakia."

Mahbuba akacheka huku machozi yakimlenga. "Basi tukae saba," akasema. "Tuanze upya."