Matanga Mawili ya Mama Mmoja

Bi Masouda amesomesha historia Maskati tangu ujana wake, na somo alilolipenda kuliko yote ni vita vya Uingereza na Uhispania. Katika sababu zake dini ilikuwamo, aliwaambia wanafunzi, na tamaa ya dhahabu ya meli za watu, na kuingilia mambo ya jirani. Lakini yeye alianzia nyuma, kwenye harusi. Katarina, binti wa Uhispania, alipelekwa Uingereza ili falme mbili ziwe ndugu. Mfalme Henri akamwacha. Chuki wakairithi watoto na wajukuu, hata Uhispania ikaleta manowari.

Sasa mtu anayejua yote hayo, alikuwa akitafuta nini? Wadogo zake wawili, Humaid wa mtaa wa Wattaya na Thabit wa mtaa wa Mawaleh, walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na mama yao, Bi Khole, akilia kila Idi. Masouda akaona dawa ni kumwoza Noof, binti wa Humaid, kwa Ghaith, mwana wa Thabit. Akaposa mwenyewe, akahimiza mwenyewe, na vigelegele akapiga kuliko wote. Mwaka haukwisha, Ghaith akatoa talaka. Humaid akaapa hatakaa mkeka mmoja na Thabit mpaka kufa.

Bi Khole akafariki Alhamisi. Wosia wake ulikuwa mmoja tu, wanawe wapokee taazia pamoja. Masouda akaenda Wattaya kumwomba Humaid akae na nduguye kwenye sabla moja, ukumbi wa mtaa wanamokaa wanaume msibani. Siku tatu tu, kisha warudie ugomvi wao. Humaid hakupandisha sauti.

"Dada, mie na Thabit tulikuwa hatusemezani tu. Aliyetutia vitani nani?"

Masouda akainuka, akatoka. Majuto ni mjukuu. Alitamani ardhi immeze, alale ubavuni mwa mama yake.

Basi ikawa maiti mmoja, sabla mbili. Wake zao nao kila mmoja akakalisha matanga kwake. Watu wakaanzia Mawaleh wakamalizia Wattaya, wakinong'ona ndani ya magari.

Masouda hakuweza kuchagua. Akabaki nyumbani kwa marehemu, akachemsha kahawa, akapanga vikombe na sahani ya tende, akakaa kuelekea mlangoni. Siku tatu zikapita na vikombe havikuguswa.