Chupa Niliyoilinda Eda Nzima

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli, na fundi baiskeli hanukii vizuri, tusidanganyane. Grisi inaingia kwenye kucha na haitoki. Kila Ijumaa alikaa uani na kopo la mafuta ya taa na mchanga, akisugua vidole mpaka vinawiva, kisha sabuni, kisha maji tena, na mwisho kabisa ndipo alipofungua chupa yake ya marashi. Matone mawili kiganjani, shingoni na nyuma ya masikio. Halafu ananijia jikoni na kuinama: "Haya, nusa. Fundi bado yumo?"

"Yumo," namjibu, "tena kajaa tele."

Na ilikuwa kweli. Chini ya yale marashi grisi ilibaki kidogo, na mie nilipenda ibaki.

Yalikuwa marashi ya kiume ya dukani, chupa ya mraba ya kioo kizito yenye kifuniko cheusi cha kuzungusha. Rangi yake ni ile ya chai ya rangi iliyochujwa. Kwanza unasikia ganda la ndimu, kisha karafuu kwa mbali, na mwisho ubao uliopigwa randa sasa hivi. Msikitini wenzake walimtania, na aliyezidi ni rafiki yake mmoja, jirani yetu: "Wewe unaingia kuswali na spiriti mwilini?" Mume wangu jibu lake lilikuwa lile lile miaka yote: "Spiriti imeruka, imebaki harufu." Wanacheka, wanaingia kuswali.

Alikuwa akinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka barabara ya kumi na mbili. Siku moja akarudi mikono mitupu, kanyong'onyea. Kiwanda kimeacha kuyatengeneza. "Hayakwisha dukani," akaniambia, "yamekwisha duniani." Mie nikacheka. Mwanamume mzima, na ndevu zake, analilia marashi! Nikamwambia maduka yamejaa chupa, achague nyingine. Masikini, akanitii. Ijumaa iliyofuata akapaka hayo mengine, akanijia jikoni, akainama. Nikanusa, nikageukia chungu changu. Alikuwa mume wa mtu mwingine. Hakuniuliza kitu, akarudi kuoga upya.

Tangu siku ile, yale marashi ya zamani yakawa ya Idd tu, na chupa ikashuka mpaka pakabaki kama kina cha kidole kimoja.

Amefariki mwaka huu, Jumanne asubuhi, kabla hajaenda kufungua kibanda chake. Alishika kifua, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, basi. Nilimuaga kwa kumtazama uso kabla hajaoshwa, kisha wanawake wakanirudisha chumbani. Baada ya swala ya alasiri jeneza lilitolewa, na njia ya kutokea ni mbele ya mlango wangu. Lilipopita, nilisikia harufu yake. Ndimu, karafuu, ubao. Niliisikia wazi mpaka nikasimama, na wanawake wakanivuta nikae. Nikajiambia, akili imeniruka. Sikumwambia mtu. Niliona aibu.

Mjane akikaa eda hapaki marashi. Hina hapana, wanja hapana, asumini hapana, miezi minne na siku kumi. Siku ya tatu, baada ya hitma, wifi yangu alipita chumbani kuondoa kila kinachonukia. Huyu ni dada pekee wa mume wangu, anaishi Pongwe, na alikuja kukaa nami eda yote. Akatoa chetezo, akatoa udi, hata sabuni za maua. Nikamwambia: "Ile chupa ya kaka yako isitoke humu. Siku ya kutoka eda msinifukize udi wenu. Nitapaka yale yake, yote yaliyobaki. Ndiyo mara ya mwisho nitakayomsikia."

Wifi aliniangalia, akainamisha macho. "Nitaifunga mwenyewe," akasema. Baadaye aliileta imefungwa kwenye leso ya mfukoni ya marehemu, akaitia sandukuni kwangu na kunipa ufunguo.

Kila siku nilifungua sanduku nikaishika juu ya leso. Sikuifungua. Kunusa si kupaka, najua, lakini najijua pia: ningenusa, ningepaka. Wanawake waliokuja kunipa pole waliniuliza siku zinakwendaje, nami nikawatajia zilizobaki bila kuhesabu upya. Siku zile sikuwa na jambo jingine la kungojea.

Wifi naye akaanza mambo. Mara anapiga simu Mombasa, mara ameliokota boksi tupu la yale marashi na kulipiga picha awatumie watu. Kuna ndugu alivuka mpaka wa Horohoro na chupa akidhani ndiyo yenyewe. Haikuwa yenyewe, na nilimwona wifi akiificha chini ya kanga yake. "Unatafuta nini wewe?" nikamfokea. "Nani kakutuma? Yangu inanitosha!" Akatoka uani, na siku nzima hakunitazama usoni. Nikadhani ni uchungu wa kufiwa, na pengine ulikuwemo.

Siku ikafika. Wanawake walinivua nguo nyeupe, wakaniogesha, wakanifunga kanga mpya zenye kunukia duka. Mkaa wa chetezo ulikuwa umeshashika moto. Nikawaambia, subirini. Nikafungua sanduku, nikafungua leso, nikazungusha kile kifuniko cheusi. Nikamimina kiganjani.

Ikapanda harufu ya majani ya chai. Ilikuwa chai ya rangi, tena imechacha, imefanya utando.

Wifi, aliyekuwa mlangoni, alikaa chini pale pale.

Nilimtukana. Maneno mengine sitayarudia, maana nimeshamwomba radhi kwa hayo. Nilimwita mwizi wa maiti, na maiti mwenyewe ni kaka yake wa tumbo moja. Aliningoja nimalize, pumzi iniishie, ndipo aliposema.

"Waliokuwa wanamwosha waliitisha marashi. Aliyekwenda kununua sanda na kafuri alikuwa ameyasahau, na watu wameshajipanga nje. Nikaiona chupa yake mezani, nikaipitisha kwenye pazia. Aliyeipokea ni rafiki yake, yule jirani. Nikamsikia anauliza, 'Hii si ile yake ya spiriti?' Kisha akasema, 'Spiriti imeruka, imebaki harufu.' Walimpaka yote, wifi. Nikarudishiwa chupa tupu. Nilitaka kukwambia siku ile ya hitma, lakini ukatangulia na maneno yako ya kutoka eda. Nikaogopa. Jikoni palikuwa na birika la chai."

Nilibaki na ile chai kiganjani. Hasira ilikuwa bado inanichemka, sitasema uongo, lakini kulikuwa na jambo moja nililotaka kulijua kwanza.

"Walimpaka kabla hajapita hapa mlangoni?"

"Kabla," akasema. "Walipomaliza kumpaka ndipo wakamfunga sanda. Na vidole vyake, yule rafiki yake aliniambia baadaye, walivisugua sana. Grisi ya kwenye kucha haikutoka."

Loo. Basi akili yangu ilikuwa nzima. Miezi minne na siku kumi nimeificha ile harufu kwa aibu, nikilinda chai sandukuni, kumbe mume wangu alipita mlangoni kwangu ameshaogeshwa, ameshapakwa marashi, kama kila Ijumaa. Alipita aniulize lile swali lake, na mie sikumjibu.

Nilinawa mkono. Nikamvuta wifi akakaa nami kitandani, nikawaambia wanawake wafukize udi wao. Moshi ulipoanza kupanda ndani ya kanga zangu, nikasema kwa sauti, mbele yao wote:

"Yumo."

Wifi akaniuliza, nani. Nikaegemea begani kwake, nikalia.