Siki ya Mama Tulizo

Juzi sokoni Iringa nilinusa ulanzi uliochacha, ile pombe ya mianzi, nikamkumbuka jirani yetu, Mama Tulizo.

Alasiri moja nikiwa bado mtoto, mama alikuwa na wageni, akaniachia kazi ya kutengeneza kachumbari. Mafuta ya karanga, chumvi na pilipili manga vilikuwepo, ila siki ilikuwa imekwisha. Sikutaka kazi yangu iwe na kasoro, nikakimbilia kwa Mama Tulizo.

“Chukua ulanzi huu, mwanangu. Umeshakuwa siki, haulevyi tena.”

Nilipima kwa kijiko, nikakoroga, nikaonja mara nne, nikaimwagia kachumbari. Wageni walisifu mpaka wakaramba vidole. Walipoondoka, mama alinusa kikombe cha bati nilicholetea siki ile.

“Pombe! Nyumba ya Waislamu hii! Nani kaileta?”

Nilidhani sote tumeshaingia motoni.

“Mama Tulizo,” nikasema. “Kaileta mwenyewe.”

Tangu siku hiyo mama hakuitikia tena hodi yake.

Sasa nimejisomea, najua pombe iliyogeuka siki yenyewe si haramu. Kila nikienda kumsalimia mama nataka kumwambia. Lakini najua ataniuliza ni nani aliyekwenda kuiomba.