Kapu Langu Kwenye Foleni ya Baleti

Jiwe la bibi yangu lilikuwa jeusi, la duara, lina kibonyo katikati kama kitovu cha mtoto. Nalikumbuka kuliko ninavyokumbuka sura ya mwalimu wangu wa darasa la pili, na huyo mwalimu alinichapa vya kutosha kukumbukwa. Lakini mambo ya shule tuyaache, hata mimi niliyaacha mapema.

Kiangazi kikikaza, kisima chetu kilikuwa shimo tu kwenye mchanga wa korongo. Maji yanachuruzika polepole, unachota kata moja, unasubiri mchanga utoe tena. Sasa nani atasimama pale asubuhi nzima wakati nyumbani kuna mbuzi wa kufungulia na uwele wa kutwanga? Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na jiwe lake. Ndoo ukiiacha ng'ombe wanaikanyaga. Jiwe nani ataliiba, Singida hii iliyojaa mawe kama vile Mungu alipomaliza kujenga dunia alimwaga hapa mabaki? Unaliweka nyuma ya jiwe la mwisho, unakwenda zako. Zamu ikisogea, wenzako wanakusogezea. Ukirudi unalikuta mahali pake, na wewe unaingia hapo kama ulikuwepo muda wote.

Isipokuwa jiwe la jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya tarumbeta. Hilo lilikuwa na miguu. Unaliacha nyuma, unalikuta mbele. Akiulizwa anajibu kwamba labda lilisikia kiu.

Bibi naye alikuwa na tabia yake, ilitukera sana sisi wajukuu. Zamu yetu ikishafika kabisa, kata tumeshika mkononi, yeye anageuka nyuma na kumwona mama fulani amekuja na mtoto mchanga mgongoni. Anamwita. "Nishikie hapa, mwanangu, nimesahau kitu nyumbani. Naja." Halafu anabeba ndoo tupu, anaondoka. Hajasahau kitu, na harudi ng'o. Yule mama anachota, na sisi jioni tunakula ugali wa uwele na mlenda, maji ya kunawa yakiwa ya kulowesha vidole tu. Tukinung'unika, anasema miguu ilimuuma kusimama.

Yote haya niliyakumbuka ugenini, ndugu yangu, nimesimama kwenye baridi ya kupasua midomo.

Nina binti yangu anayefanya kazi Ulaya, anatunza wazee wa watu kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mji wenyewe siutaji, ulimi wangu unakataa. Alinitumia nauli nikamwone yeye na mjukuu wangu, msichana mdogo aliyezaliwa hukohuko. Mtoto ana adabu ajabu, anamwamkia shikamoo kila mtu, hata paka wa jirani. Na anacheza ngoma ya kwao inayoitwa baleti. Wanasimama kwenye ncha za vidole, wanazunguka kama pia, na hakuna anayepiga kelele. Mimi nimezoea ngoma zetu ambazo vumbi linapanda na mama wanapiga vigelegele, nikauliza kama kuna msiba. Mjukuu akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa ukumbi mkubwa wa mji ule ulikuwa umechukua watoto kadhaa wacheze ndege wadogo pamoja na wakubwa, na mjukuu wangu alikuwamo. Siku zote za maonyesho mama yake alikuwa zamu kazini. Hakuwahi kumwona jukwaani hata mara moja. Mtoto akanijia jioni, Kiswahili chake cha kubangaiza: "Babu, wenzangu wote wana mtu kwenye viti. Mimi sina mtu." Nikamwambia mtu wako ni mimi. Nikamwonyesha kofia yangu ya pama, nimeichomeka unyoya mwekundu wa jogoo wa Singida. Atazame viti, akiona unyoya ajue ni mimi.

Kuahidi ni rahisi. Tiketi zilikwisha kabla hata mimi sijapanda basi pale stendi ya Singida. Zilizobaki ni zile watu wanazozirudisha, zinauzwa dirishani asubuhi, mtu mmoja tiketi moja, na siku yenyewe ilikuwa ya mwisho. Binti yangu akanipeleka mapema, akaniweka kwenye foleni kama mzigo, akakimbilia kazini. Nilikuwa na kapu langu la ukindu, ndani karanga na mlenda mkavu uliosagwa, zawadi ya mwalimu wa ngoma. Huwezi kwenda kuangalia mtoto anachezeshwa ukamwona mwalimu wake mikono mitupu.

Nyuma yangu alisimama bibi mmoja wa Kizungu, umri kama wangu. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akaitika kwa lugha yake, tukawa tumejuana. Wengine wote wanatazama simu.

Shida ikaja na ile baridi. Chai niliyokunywa ikaanza kudai njia, na mzee wa umri wangu habishani na jambo hilo. Nikaangaza macho nitafute jiwe. Mji mzima hauna jiwe! Sakafu tupu, imefagiliwa kama sebule. Basi nikaweka kapu chini mahali pangu, nikalipigapiga, nikajigusa kifua, yule bibi akaitikia kwa kichwa kuwa ameelewa. Nikaondoka nimetulia kabisa.

Choo kilikuwa mbali, na niliporudi sikuiona foleni. Watu wote wamesogezwa ng'ambo ya barabara, utepe umevutwa huku na huku, askari wamejaa, na katikati ya uwanja ule mkubwa limekaa kapu langu peke yake kama bibi harusi. Mbwa ananusa. Akaingiza pua kwenye mlenda, akapiga chafya, akarudi nyuma anajifuta. Askari aliyevaa glavu akainua ule mfuko wa unga wa kijani akiuangalia juani, na hapo ndipo nilipoona kwamba mlenda, ukiuangalia kwa macho ya mgeni, kweli hauna sura nzuri.

Nikavuka utepe nikisema ni mboga, ni mboga. Wakanishika. Nikawapa simu, wakampigia binti yangu, wakaweka sauti kubwa wote wasikie.

"Baba, umeweka nini hapo?"

"Nimeweka foleni."

Halafu nikamsikia anaanza kuwaeleza kwa lugha yao, kwa muda mrefu, na nikajua amefika kwenye mawe ya kisimani maana askari mmoja alianza kucheka, na upande wa pili wa simu, huko kazini kwake, nikasikia watu wanacheka pia. Nikaambiwa nisiache tena mzigo peke yake mahali pa watu. Nikasema nimesikia, ila kwetu kapu halitishi mtu.

Utepe ukaondolewa, na sasa hakuna aliyejua nani alikuwa mbele ya nani. Wakaanza kubishana kwa sauti za chini, kama walivyo. Yule bibi hakubishana. Alilichukua kapu langu kwa mikono miwili, akaliweka palepale lilipokuwa, akasimama nyuma yake. Wengine wakajipanga kwa kulifuata kapu. Nikapata tiketi yangu, naye akapata yake, na baada ya hapo hazikuwa nyingi.

Siku hizi hapa kwetu Mandewa, Singida, bomba limefika, kila mmoja na ndoo yake na mkono wake, hakuna anayemsogezea mwenzake kitu. Kisima kilishafukiwa na mchanga. Jiwe la bibi sijui liliko, nadhani liko kwenye msingi wa nyumba ya mtu, na mwenye nyumba hajui analalia nini.

Mchana nilikuwa mlangoni pa ukumbi, tiketi mfukoni, kofia kichwani, watu wakiingia, ndipo nikamwona binti yangu anakuja mbio na sare yake ya kazini. Mkubwa wake alikuwa amecheka habari ya kapu mpaka akafuta machozi, akamwambia nenda. Amekuja anahema, anauliza kama dirishani imebaki hata moja. Haikubaki.

"Ingia wewe, Baba. Umetoka Singida."

Macho yake lakini yalikuwa yameshaingia ndani.

Nikamwambia yule bibi wa asubuhi ameniahidi nyingine, iko upande wa pili. Akaamini, maana siku ile kila kitu kilikuwa kimenikubali. Nikamtia tiketi mkononi. Nikavua kofia, nikamvalisha, nikaunyoosha unyoya usimame vizuri.

"Nishikie nafasi, mwanangu," nikamwambia. "Naja."

Nikachukua kapu langu, nikaondoka kichwa wazi.